Mbwa Katikati Yetu

Mbwa yule hakuwa wangu. Alikuwa wa bosi wangu, mgeni aliyeongoza ofisi moja kule Himbi ambako nilikuwa dereva. Vita vilipoikaribia Goma, wageni waliambiwa waondoke siku hiyo hiyo, na katika ndege yao hapakuwa na nafasi ya mbwa. Bosi alinikabidhi kamba, mifuko michache ya saruji iliyosalia kwenye ukarabati wa ofisi, na bunda la waya wa uzio. Akasema atarudi. Nikamleta mnyama nyumbani kwetu Mapendo, mkubwa, mwekundu, anaharisha kwa hofu. Mke wangu akamtazama yeye, kisha akanitazama mimi.

Banda la kwanza nililijenga kwa mbao. Halikumaliza wiki mbili. Watu waliokimbia vita vijijini walikuwa wamejaa mjini, wanalala mashuleni na makanisani, na walihitaji kuni za kupikia maharagwe. Kila asubuhi ubao mmoja ulikuwa umepungua. Mbwa hakubweka hata mara moja, nadhani walimgawia. Sikukasirika sana. Ningekuwa mimi, ningeanza na mlango.

La pili nikaamua liwe la mawe. Goma mawe hayatafutwi, volkano ilishatumwagia. Shida ni kuchimba. Tulipiga mtaimbo mpaka ukapinda, na nguzo za uzio hazikuingia ardhini, kwa hiyo tulizisimamisha ndani ya mapipa ya zamani, tukajaza mawe na saruji, tukazungusha waya. Mbwa akapata uwanja wa hatua kumi na mbili kwa tano, na watoto wangu wawili wakawa wanashinda humo wakikimbizana naye.

Fundi mwashi alikuwa hajawahi kumjengea mbwa. Nilimwambia apime mwenyewe. Akajilaza chini, akanyoosha miguu, akaweka jiwe kichwani na jiwe jingine nyayoni.

"Mutu analala hapa muzuri," akasema.

Kuta zikawa nene. Juu akamwaga zege, kwa sababu bati huibwa. Mlango ukawa tundu la kuingilia kwa magoti. Ndipo mtaa ulipopata la kusema, maana nyumba yetu sisi ilikuwa ya mbao, kama nyingi za Mapendo.

"Papa, imbwa iko mu nyumba ya mawe, weye uko mu mbao," jirani aliniambia. "Nani anachunga mwenzake?"

Mwezi huo mama mkwe alifika kutoka upande wa Beni, juu ya lori, goti limevimba. Kijiji chao kilikuwa kimechomwa. Yeye ndiye aliyepinga binti yake kuolewa nami, akisema dereva ana mke kila kituo. Baada ya harusi aliniita "papa" mbele yangu, na "ule shofere" nikiwa sipo. Tuliheshimiana kwa umbali. Kwao mkwe hamgusi mama wa mkewe, hamtazami usoni, hali naye sahani moja, wala hawalali mahali pamoja. Desturi hiyo niliifurahia kuliko yeye.

Milio ya bunduki iliposikika pembezoni mwa mji, mke wangu aliwavusha watoto mpaka wa Rwanda kwenda Gisenyi asubuhi na mapema. Mama mkwe hakuweza kutembea. Nilipaswa kumtafutia pikipiki ya kumfikisha baadaye. Kabla ya saa sita mpaka ulifungwa na mabomu yakaanza kuanguka. Risasi ya kwanza ilipita ukuta wa sebule, ikatoboa sufuria, ikatokea upande wa pili.

"Mama, twende mu nyumba ya imbwa," nikasema. "Kule ni mawe."

Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, rozari mkononi. "Na weye utakuwa wapi?"

"Na miye ndani, Mama. Inje masasi iko mingi."

"Basi uniache hapa. Siwezi kulala na mukwe mu shimo ya imbwa. Ni afazali nikufe."

Hakuwa anatania. Kumbeba sikuruhusiwa, na ushujaa wa kukaa nje sikuwa nao. Risasi nyingine ikapita juu ya kabati. Niliogopa sana. Nilifikiria nitakavyomweleza mke wangu kwamba mama yake aliuawa na adabu.

Dawa aliipata yeye. Alimwona mbwa kupitia mlangoni, anatetemeka uwanjani, mkia tumboni.

"Utie imbwa katikati," akasema.

Nikaingia kwanza, nikageukia ukuta. Nikamvuta mbwa kwa kamba. Mama akaingia mwisho, akikokota goti lake na kumtaja Bikira Maria. Kwa kuwa tulikaribiana namna ile, hakutaka kusema nami moja kwa moja.

"We imbwa, ambia huyu papa avute muguu."

Nikavuta mguu. Tulikaa hivyo mchana kutwa, mbwa akihema mgongoni kwangu. Baada ya bomu moja lililotumwagia vumbi, Mama alimwambia mbwa tena.

"We imbwa, ambia yeye ni miye nilikatalia mutoto wangu asiolewe kwake. Ambia yeye nilikosa."

Nililia, nikashukuru kwamba desturi ilinikataza kugeuka.

"Ambia mama nimesikia," nikamwambia mbwa.

Jioni tulitoka. Mji ulikuwa umepata wakubwa wengine. Ukuta nyuma ya kiti chake ulikuwa na matundu matatu. Hatukuzungumzia tena mambo ya bandani, naye akaendelea kuniita papa.

Bosi alirudi mwaka uliofuata, akalisifu banda, akaondoka na mbwa wake. Mama mkwe hakutoka ndani mpaka gari lilipokwisha kwenda. Kuku wakahamia mle.

Miaka ikapita, vita vikarudi. Mke wangu na watoto walivuka kama mara ya kwanza, na goti la mama lilikuwa halijapona. Safari hii hakubisha. Nilifukuza kuku, nikaingia, nikageukia ukuta. Yeye akaingia nyuma yangu. Katikati tuliacha nafasi ya upana wa mbwa.

Mabomu yalianguka karibu kuliko zamani. Hapakuwa na mbwa wa kumtuma maneno. Kisha vumbi la zege likatumwagikia, na nikahisi mkono wake mgongoni kwangu.

"Mutoto wangu," akasema. "Uko?"

"Niko, Mama."