Ukuta Wenye Joto

Mwokaji mikate ana vidole vyenye makovu ya moto. Kila akiufunga mlango wa tanuri lake la umeme, hukunja kitambaa kibichi na kukipachika kwenye ufa, akikisukuma taratibu kwa kidole gumba. Lakini wapi. Joto linapenya vilevile, linaingia ukutani, na upande wa pili, barabarani, paka wa jirani analala kwa raha zake ameuegemea ukuta huo. "Baba watoto, tunamlipia paka umeme," mkewe humwambia, naye hucheka kidogo puani. Fundi alishamweleza kwamba mlango mpya na matofali mapya ndani vingepunguza umeme anaotumia karibu nusu. "Mwezi ujao, fundi," hujibu kila mara, kwa sauti ya chini. Mwezi ukifika, bei imepanda, na pesa ya mlango inamezwa na umeme uleule unaovujia barabarani.

Leo bei imepanda tena, na tanuri hakuliwasha. Alipanga trei tupu mezani, akakikamua kile kitambaa ingawa kilikuwa kikavu, kisha akatoka nje. Fundi alikuwa anapita. "Vipi, bosi, ule mlango tuulete lini?" Mwokaji aliweka kiganja ukutani, akakiacha hapo kama anayempima mtoto homa. Ukuta ulikuwa wa baridi. Paka, aliyekuwa bado analisubiri joto lake, aliinuka, akajinyoosha, akavuka barabara kwenda kutafuta ukuta mwingine.