Malkia Aliyenyimwa Maneno

Hasira yangu juu ya jambo hili haijapoa, na sina haja ya kuipoza. Wiebke Sasse alikuwa mwigizaji mwenzangu katika jumba la tamthilia la mji wetu, kando ya mto Saale. Alikuwa binti wa mwoka mikate, mwanamke mrefu, sauti nzito, mdomo usiojua kuwabembeleza wakubwa. Alicheza wachawi, mayaya na wauaji wa kukodiwa, na msimu mmoja alicheza makalio ya punda wa kuvaliwa na watu wawili. Hakulalamika. Alikuwa akimsubiri malkia.

Malkia huyo yumo katika tamthilia moja ya kale ya Kiingereza, ya mabwana wanaochinjana kwa ajili ya kiti cha enzi. Sisi Wajerumani tamthilia hizo tumezifanya zetu kabisa. Wazee wa mji wetu walizisoma shuleni kwa tafsiri ya mashairi, na Mwingereza akidai kuwa ni zake, wanaguna. Malkia ana hotuba moja tu, ndefu: anawauliza mabwana wote wamemzika wapi mwanawe. Wiebke aliijua kwa moyo tangu usichana wake. Siku alipoona jina lake ubaoni, mbele ya jina la malkia, alitununulia keki ya plamu sote.

Kisha akaja Korbinian, mwongozaji kijana kutoka Berlin, asiyevua kofia hata ndani ya nyumba. Siku ya kwanza ya mazoezi alitangaza kwamba mchezo utafanyika ndani ya machinjio, na kwamba hotuba ya malkia ameifuta.

"Umeifuta?" Wiebke akauliza. "Yote?"

"Yote, mpenzi. Maneno yale yamechakaa. Wewe utakaa pale mbele, kimya, unamenya viazi. Ukimya wako ndio hotuba."

"Korbinian, mimi nimeuliwa mtoto, sijafungua mgahawa."

"Ee, hapo hapo! Hasira hiyo hiyo uipeleke kwenye viazi!"

Akavimenya. Ungefanya nini, na mkataba unasema hivyo? Usiku wa kwanza wa maonyesho Korbinian alipotoka jukwaani kuwainamia watazamaji, walimzomea mpaka taa zikatikisika, naye akatabasamu kama bwana harusi. Waongozaji wa siku hizi wasipozomewa hujiona hawajafanya kazi. Alipotoka Wiebke, zomeazomea ikakatika, watu wakasimama kumpigia makofi. Magazeti nayo yakausifu ukimya wa malkia, ila sifa zote yakampa Korbinian. Ukimya wa mtu mwingine, jamani, na sifa akapewa yeye!

Oktoba, Wiebke akaitwa ofisini. Mwezi huo kila mwigizaji anauogopa, maana ndipo wasioongezewa mkataba huambiwa. Mikataba yetu ni ya mwaka mmoja mmoja, lakini ukishatimiza miaka kumi na tano katika jumba moja, ni shida kubwa kukutoa. Ndiyo maana wengi hutolewa katika mwaka wa kumi na nne, na huo ndio uliokuwa wake. Sheria inataka mwigizaji asikilizwe kwanza, naye anaruhusiwa kwenda na msemaji wa waigizaji. Msemaji ni mimi, Anselm.

Mkurugenzi wetu, Dakta Lohse, alitumiminia kahawa. Karani wake alikaa pembeni kuandika taarifa ya kikao.

"Ni sababu za kisanaa tu, Bi Sasse," Lohse akasema. "Tazama mwenyewe. Katika mchezo wetu mkubwa wa msimu huu huna hata neno moja."

Nikadakia kwa hasira: "Si nyinyi mliomnyang'anya maneno?"

"Bwana Anselm, kazi ya mwongozaji mimi siiingilii. Haya, Bi Sasse, una la kusema?"

"Ninalo."

Akasimama, akaisogeza kahawa, akaianza hotuba ya malkia. Aliianza tangu mwanzo, kwa ile tafsiri ya zamani, na sauti yake ikajaa chumba kile kidogo. Lohse akatazama saa, kisha akainua kidole.

"Bi Sasse, naomba tu..."

"Nyamaza!" nikamwambia. "Sheria inasema asikilizwe. Basi msikilize!"

Wiebke alituuliza tumemzika wapi mwanawe. Alituuliza nani alimfumba macho, na kama alisikia baridi. Karani aliacha kuandika. Mimi nililia, na sioni haya kusema.

Alipomaliza, machozi yalikuwa yamemlengalenga Lohse. Naapa, kwa dakika ile nilidhani tumeshinda.

"Maneno mazito hayo," akasema polepole. "Umeyatoa wapi? Mbona hukutuletea mapema, tukayatafutia mchezo?"

Wiebke alimpa mgongo. Alichukua koti lake akatoka, na msimu uliofuata hakuwa nasi. Aliyemjibu Lohse ni mimi, pale pale, na karani aliyaandika maneno yangu yote, hata matusi.