Poleni ya Maua ya Maboga

Mwaka ule mwalimu wa sayansi alikuwa na shida ya maneno. Yeye mwenyewe alisomeshwa kwa Kiingereza, na sasa serikali ilitaka tusome kila kitu kwa Kiswahili, na kitabu kilikuwa bado kinakuja. Kilikuwa kinakuja tangu tukiwa darasa la tano. Basi neno likimshinda, alilitia i mwishoni na kuliruhusu likae. Petali ilipatikana hivyo. Unga ule wa njano wa maua ya maboga, unaoganda kwenye miguu ya nyuki, aliuita poleni.

Mwalimu wa Kiswahili, mama mmoja mkali aliyepaka wanja hata siku za palizi, alimwambia mbele yetu kwamba poleni ni salamu ya msiba. Mwalimu wa sayansi akamwomba alete neno bora. Akaleta unga wa ua. Mwalimu wa sayansi akasema unga ni wa ugali. Walibishana kipindi kizima, sisi tukafurahi sana, na mwisho wakakubaliana kwamba poleni itabaki ila mama yule ataitungia ngonjera, ili angalau iwe na vina.

Mimi sikuwepo siku ya kugawana sehemu. Baba yangu, aliyekuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka moja la mtaa wa Kanyenye, alikuwa amefariki wiki ile. Niliporudi darasani wenzangu walinitazama kama mgeni. Hawakujua waniambie nini, na watoto wa umri ule wasipojua la kusema hukuomba penseli. Wavulana wote walikuwa poleni, wasichana walikuwa nyuki, na mimi nikapewa ua. Ua lilisimama katikati na kuinamisha kichwa. Halikuwa na mstari hata mmoja. Nadhani mwalimu alihofia nitalia.

Nyumbani mambo yalikuwa yameshaamuliwa. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa na duka Nzega na watoto wadogo wengi. Alisema nitakwenda kwake, nimsaidie mkewe kulea. Kusoma nilikwisha kusoma, barua naweza kuandika. Mama alikuwa amekaa eda chumbani nyuma ya pazia, na hakuwa na sauti ya kubishana na shemeji yake aliyelisha matanga yote. Mimi sikutaka kwenda Nzega. Nilitaka kumaliza darasa la saba. Sikumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Asubuhi moja baba mkubwa alivaa kanzu na koti, akaniambia tufuatane shuleni akaniagie. Nilitembea nyuma yake nikiwa na hasira mpaka masikio yalikuwa ya moto. Mwalimu mkuu hakuwepo. Alikuwa kwenye semina, na walimu wakuu wa enzi zile waliishi kwenye semina. Lakini mgeni alikuwa amefika. Na enzi zile mgeni yeyote aliyefika shuleni, hata aliyekuja kukagua vyoo, alipewa ngonjera.

Baba mkubwa akaletewa kiti. Darasa likajipanga uwanjani. Tukaamkia kwa pamoja, "Shikamoo mzee," akaitikia marahaba. Mwalimu wa Kiswahili akanipungia mkono, nikatoka nyuma ya kiti cha baba mkubwa, nikasimama katikati, nikainamisha kichwa. Wavulana wakanizunguka wakiyumba kwa upepo, mikono vifuani, wakaanza:

*Poleni sisi poleni, tumekuja na upepo,*
*Ua lipo faraghani, twalikuta papo hapo,*
*Petali zalala chini, bali mbegu bado zipo.*

Baba mkubwa akasimama. Akavua kofia. "Ahsanteni, wanangu," akasema. "Tumeshapoa." Wavulana, ambao hawakufundishwa la kufanya poleni ikijibiwa na mgeni, walirudia ubeti. Akawashukuru tena. Nilimwona kwa chini chini, machozi yakimtiririka mpaka kwenye ndevu, mtu ambaye makaburini alikuwa akihesabu majembe.

Mwalimu wa sayansi akasogea. "Mzee, samahani, hii poleni ni ile ya maua, yaani ule unga wa..."

Mwalimu wa Kiswahili akamkata jicho, naye akamezea.

"Mwalimu," baba mkubwa akamwambia, "nilikuja kumwondoa huyu mtoto. Sasa watu waliomlilia ndugu yangu namna hii, mpaka mama wa eda wamemkumbuka, nitawaambia nini?" Akavaa kofia yake. "Na asome."

Nyumbani alisimama mlangoni akampa mama habari kupitia pazia. "Shemeji, shule nzima imetupa pole. Kwa beti." Kisha akala, akaondoka na basi la mchana.

Mama akaniita ndani. Akataka kujua beti gani hizo. Nilimweleza kama nilivyofundishwa: poleni hutoka kwenye ua dume, huangukia ua jike, ndipo boga linapatikana. Nilieleza taratibu, maana alikuwa na uwezo wa kutuma mtu Nzega kusahihisha kosa, na ningefungasha siku hiyo hiyo.

"Kwa hiyo hawakuwa wanatupa pole," akasema.

"Hapana, mama."

Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, kanga kaijaza mdomoni kwa sababu jirani wangesikia kicheko nyumba ya msiba. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu baba augue.

Alipotulia akajifuta uso. "Hebu nisomee."

Nikasimama katikati ya chumba. Mimi nilikuwa ua, sikuwa na mstari, lakini nilizijua sehemu zote. Nikaanza kwa sauti ya chini: poleni sisi poleni.

"Ahsante, mwanangu," mama akasema.

"Mama, ni ule unga wa ua."

"Nimesikia," akasema. "Anza tena."

Nikaanza tena.