Nafasi ya Kufika Mau Summit

Odero aliendesha treni za mizigo kati ya Nakuru na Kisumu kwa miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu akaanza kuijenga njia ile ile ndani ya laptop. Programu aliyoitumia ilikuwa ya vijana wanaopenda kuendesha magarimoshi ya Ulaya kwenye skrini, lakini ilimruhusu mtu kujitandikia reli yake mwenyewe. Kwa miaka mitatu alikuwa ametandika kutoka stesheni ya Nakuru, akapita Njoro, Elburgon na Molo, kila kona na kila daraja kama alivyozijua. Laptop ilikuwa ya michezo, nzito, kibodi yake ikiwaka rangi. Alipewa na binti yake Valarie, mhandisi wa visima vya mvuke kule Olkaria, aliponunua nyingine.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, alikuwa amebakisha kidogo kufika Mau Summit. Akabonyeza kuhifadhi. Skrini ikamwambia diski imejaa.

Akajaribu tena. Jibu likawa lile lile. Ndipo akaona ujumbe mdogo mwekundu pembeni ambao siku zote hizo alidhani ni tangazo: programu ilikuwa imeshindwa kujihifadhi tangu Jumapili. Kazi ya siku tatu, mlima wote wa kutoka Molo, ilikuwa inaning'inia kwenye kumbukumbu ya mashine tu. Ikizima, imekwenda.

Kila ilipohifadhi, programu ile iliandika kwanza nakala nzima ya njia. Ilitaka gigabaiti tisini, na zilikuwa zimebaki kumi na moja. Odero akafuta picha, akafuta video za harusi ya mpwa wake, akafika ishirini na mbili. Flash disk yake ilikuwa ya kumi na sita. Kitu kikubwa kilichobaki kilikuwa folda ya Valarie, data ya visima vya mvuke, ambayo alimwomba asiiguse. Akampigia. Simu ilikuwa imezimwa, maana siku za kwenda visimani simu zao huachwa getini.

Kidole chake kikakaa juu ya kitufe cha kufuta.

"Ni yake," akasema Naliaka, mkewe, aliyekuwa akichambua maharagwe upande wa pili wa meza. Hakuinua hata kichwa.

Odero akaondoa kidole. "Basi keti hapa, Mama Valarie. Usiizime. Usifunge kifuniko, ikilala hii programu huamka imekufa. Ukiona skrini inafifia, sogeza mouse. Naenda town kutafuta diski."

"Na nikitaka kwenda choo?"

"Nenda mbio."

Duka la Jerop lilikuwa ghorofa ya kwanza, karibu na soko, chumba chembamba chenye meza ya ufundi na kabati la kioo. Jerop mwenyewe alikuwa na miaka thelathini hivi, miwani imesukumwa juu ya paji la uso.

"Mzee, unataka ya ndani ama ya nje?"

"Ya ndani. Iko na slot ya pili ya diski, haijatumika. Niliipiga picha nikitoa vumbi."

Jerop akaikuza ile picha kwenye simu. "Vizuri umekuja na picha. Hii inataka yenye pengo moja kwenye meno. Watu wananunua ya mapengo mawili, inaingia sawasawa, halafu mashine haiioni." Akatoa diski mbili, vijiti vyembamba, kila kimoja kifupi kuliko kidole, akaviweka juu ya kioo. "Hii ni terabaiti mbili. Hii ni moja. Bei ni karibu sawa."

"Mbona sawa?"

"Hii ya moja, aliyeitengeneza anajulikana. Hiyo ingine imeingia juzi, hata mimi sijamjua mwenye kuitengeneza. Inaweza kuwa poa. Inaweza kusema ni mbili na ikubebee robo tu, data ingine inapotea bila kukuambia." Akashusha miwani. "Laptop umeiacha wapi? Imezimwa?"

"Iko nyumbani. Haiwezi kuzimwa," akasema Odero, akamweleza.

Jerop akamrudishia simu. "Sasa mzee, ya ndani utaiweka aje bila kuzima?"

Odero alikuwa amefikiria slot, amefikiria ukubwa, amefikiria mpaka bisibisi. Hilo hakulifikiria.

"Kuna njia," Jerop akasema. Akavuta droo, akatoa kikebe chembamba cha chuma chenye waya wa USB. "Tunaitia humu kwanza. Inakuwa kama flash kubwa. Unahifadhi kazi yako, unazima, halafu unaitoa unaiweka ndani kabisa."

Simu ikalia. Ni Naliaka.

"Baba Valarie, stima imepotea."

"Betri inasema ngapi?"

"Sabini na nne. Hapana, sabini na tatu."

Betri ya mashine ile haikuwahi kufika saa nzima. "Iko kitufe chenye jua dogo. Bonyeza mpaka skrini iwe hafifu. Usiguse kingine."

"Nimekiona."

"Bonyeza polepole."

Akasikia pumzi yake, halafu, "Imefifia. Sabini na mbili."

Terabaiti mbili zingemfikisha Kisumu na nafasi ibaki. Odero alikitazama kile kijiti cha mbili kwa tamaa.

"Hii unaweza kuipima?"

"Kuijaza yote na kuisoma? Si chini ya saa moja."

"Nipe ile ya moja," akasema. Kisha, Jerop alipokwisha kuiandaa na kuifunga ndani ya kikebe, akaongeza, "Weka kitu kikubwa ndani, halafu ukifungue."

"Mzee, stima imepotea kwako."

"Najua."

Miaka yote ile hakuwahi kuondoa treni stesheni kabla ya kupima breki, hata akipigiwa kelele. Alisimama akiangalia video ndefu ikinakiliwa, ikafunguliwa, ikacheza mwanzo, katikati na mwisho. Dakika nne. Shati lilikuwa limemlowa mgongoni.

Bodaboda alimfikisha nyumbani kupitia nyuma ya stesheni. Naliaka alikuwa ameketi wima, mkono juu ya mouse, maharagwe yamemwagika chini na hakuna aliyeyaokota.

"Kumi na tisa," akasema.

Odero akachomeka waya. Diski ikaonekana. Akaichagua, akabonyeza kuhifadhi, na ule mstari wa kijani ukaanza kutembea. Ulienda mbio hadi nusu, kisha ukapunguza mwendo. Kikebe kilikuwa cha moto. Betri ikasema kumi na mbili. Mstari ukasema sabini. Betri tisa, mstari themanini na moja. Betri ilipofika tano mstari ulikuwa tisini na tatu, na papo hapo skrini ikawa nyeusi.

Naliaka akamshika mkono.

Stima ilirudi saa kumi jioni. Odero alingoja betri ipate chaji kidogo ndipo akawasha, akafungua njia kutoka kwenye diski mpya, na treni yake ikatokea Molo. Akapanda nayo. Reli ilikuwepo, kona baada ya kona, hadi karibu na Mau Summit alipoachia asubuhi. Lakini miti haikuwepo, wala nyumba, wala ishara hata moja. Programu ilikuwa imeandika reli kwanza, na mengine hayakuwahi.

"Imepotea?" Naliaka akauliza.

"Mapambo tu. Kazi ya siku tatu."

Alitengeneza nakala mbili za ile njia kabla ya kugusa kitu. Kisha akazima, akatoa kijiti kwenye kikebe, akaigeuza laptop juu ya taulo na kufungua skrubu kumi na moja, akazipanga kwenye sahani kwa mfuatano wake. Kijiti kiliingia kwa pembe, kikakataa kulala. Akakitoa, akapuliza slot, akakirudisha. Safari hii kikalala. Skrubu ya kukishikilia ilimponyoka mara mbili, na mara ya tatu Naliaka aliishika kwa koleo ndogo ya nyusi huku yeye akiikaza.

Mashine ikawaka. Diski zilikuwa mbili.

Naliaka akavuta kiti chake karibu. "Sasa hapa juu palikuwa na miti gani?"

"Misaipresi," akasema Odero. "Upande wa kushoto. Kulia ilikuwa shamba la pareto, na nyumba moja ya mabati ambayo mama mmoja alikuwa akitupungia mkono."

"Anza na hiyo nyumba," akasema.