Bendera ya Vyama Vitatu

Fundi cherehani huyu huongea akiwa na pini mdomoni, na uzi hautupi hata uwe mfupi kama kope. Vyama vitatu vya mrengo wa kushoto vilipoungana na kulitwaa jimbo zima, ni yeye aliyeunganisha vitambaa vyao vikawa bendera moja, na siku ilipopandishwa alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Sasa viongozi wamegombania vyeo, muungano umevunjika, na katibu wa chama kimoja ameingia na bendera kwapani.

“Mama, tukatie kipande chetu. Mkasi huo hapo.”

Fundi anavaa miwani, anachukua sindano, anaanza kufumua mshono mmoja mmoja.

“Mama, tuna mkutano jioni!”

“Kaa, mwanangu. Kiti hakiumi.”

“Mkasi ni mara moja tu!”

Anatoa pini zote mdomoni, jambo asilolifanya hata kwa bibi harusi. “Nikikata, kitambaa kitapungua. Siku mkipatana nitashonea wapi?”

“Tupatane na wale?”

“Mlisema hivyo hivyo mara ya kwanza.”

Anarudisha pini mdomoni. Uzi aliofumua anauviringa kidoleni, kisha anautia kwenye mtoto wa meza.