Bamepakiza Hata Paka

Muntu akiniambia leo anataka kutembea inchi na kitanda yake ndani ya motokari, nitamuuliza kwanza: batu ba fasi unaenda kupita, matela juu ya motokari inabaambia nini? Mi sikujiuliza. Bibi yangu anasema kichwa yangu iko ngumu sawa jiwe ya volkano, na hakosei.

Nilikuwa shofere wa kamio, lori kubwa, miaka mingi, kwa mufanyabiashara mumoja wa Butembo. Kupanda Masisi mpaka Walikale na sukari na chumvi, kurudi na mafuta ya ngazi, ile ya mawese, na ndizi. Kila shimo ya ile barabara nilikuwa naijua, lakini sikusimama hata siku moja kutazama kitu. Unasimama kamio ikikwama tu, na pale kitu ya kutazama ni matope. Nilipoenda retreti, kazi imeisha, nikapata minibisi ya zamani, nikatoa viti yote, nikapiga kitanda ya mbao, nikatia rido, pazia ya maua, ku madirisha, na pembeni ya mulango fasi ya mbabula, ile jiko yetu ya makaa. Majirani bakakuja kutazama, bakacheka: "Papa, unatengeneza motokari ao unajenga?" Nikabaambia ninapeleka bibi yangu Walikale aone mto Lowa, akule samaki pale pale anatoka ku maji. Nilikuwa napiga misumari nikiimba.

Bibi yangu hakucheka. Alisema tu: "Matela yangu imetembea kushinda we."

Na ni kweli. Nyumba yetu iko Mubambiro, karibu na camp ya basoda, na kila mara risasi ilianza kulia, ye njo alibeba ile matela ku kichwa na batoto nyuma yake. Mi nilikuwa mbali na kamio. Nikamuambia: "Mara hii tutaibeba na furaha."  Kisha akakubali, ila mbwa aende, paka aende, na mufuko yake moja ya maharagi iende. Eh! Maharagi inauzishwa barabara muzima, unabeba ya nini? Akasema: "Hii ni yangu. Usiguse." Nikaacha. Nani anaweza kubishana na ule mwanamuke.

Tukaondoka asubui, risasi ilikuwa imenyamaza siku mingi. Mchana matela tunaifunga juu, tupate fasi ya kukaa. Mbwa alikaa mbele sawa patron. Paka akalala ku dirisha, nyuma ya rido.

Pale Mushaki kuko mama mumoja anauzishaka viazi kando ya barabara. Nilikuwa nanunua kwake tangu siku za kamio. Mama yake, muzee sana, miguu imekufa, anakaaka ku mulango ndani ya bulangeti. Nikasimama, nikasalimia, nikaomba ndoo moja ya viazi. Ule mama alikuwa anajaza ndoo huku anacheka na mi, mara mikono ikasimama.

"Papa, munatoka wapi vile?"

"Kwetu, Mubambiro."

"Na matela?"

"Na matela. Tuko tunatembea tu, mama."

Akaangalia dirisha. "Na paka?"

"Na paka pia!" Mi nilikuwa najivuna, mujinga mi.

Akaniachia ndoo mu mikono, akaingia nyumbani mbio. Nikafikiri ameacha chungu ku moto. Nikaenda kuteka maji ya radiatere ku chemchem, pale chini. Kurudi, wee Mungu wangu! Milango inafungwa. Mikeka inakunjwa. Ng'ombe zinashushwa kutoka malishoni na fimbo, mama moja anatembea na sufuria ku kichwa, mutoto ku mugongo, na mulango wa nyumba yake, mulango muzima wa mbao, chini ya mukono. Hakuna mwenye analia. Kila muntu anajua kazi yake. 

Nikamukamata mwanaume mumoja ku mukono. "Kaka, kuko nini?"

Akanitazama sawa muntu anatazama mwizi. "We njo unaniuliza mi?"

Sikuelewa, haki ya Mungu. Nikatupa bido ya maji, nikakimbia kwa minibisi. "Mama, panda! Vita!" Bibi yangu alikuwa anasugua viazi. Akauliza: "Nani amesema?" Nikasema batu bote bako banakimbia. Akatazama barabara, akatazama matela yetu juu, akaweka mukono ku kinywa.

"Papa. Bako banatukimbia sisi."

 Pale njo ule mwanaume alipita na mbuzi zake akielezea mwenzake: "Shofere wa Mubambiro, jirani wa basoda. Amepakiza hata paka!" Na kweli, kwetu muntu akikimbia anabeba mbuzi, kuku, sufuria, na kama iko na nguvu, mulango. Paka anabakia. Paka ni wa nyumba, anachunga mpaka mutarudia. Ukibeba paka, ni kusema haurudie tena.

Nikapanda ku bampa, nikapiga makelele: hakuna vita, hakuna kitu, tuko tunatembea, mi niko mu retreti! Batu bakaongeza mwendo. Mukubwa mumoja akanijibu bila kusimama: "Siku banatuambia hakuna kitu, njo siku ya kukimbia." Mwenye kuumwa na nyoka anashituka hata nyasi ikitikisika. Nitamupa kosa gani?

Na pale mulangoni, bantu babili balikuwa banainua ule muzee kumuweka ku chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma yenye kubebaka viazi. Miguu yake haikunjike. Alikuwa analia kidogo kidogo: "Muniache. Muniache ku mulango wangu." Binti yake anafunga kamba, machozi yanashuka, anasema: "Mama, nikikuacha unakufa. Nikikubeba, na hii mvua inakuja, unakufa. Nifanye nini?" Nikasikia haya mpaka ku mifupa. Ule muzee angekufa mu barabara juu ya furaha yangu na paka yangu.

Nikageuka kutafuta bibi yangu. Alikuwa ameshusha mbabula pale kando ya barabara, mbele ya batu bote, anapuliza makaa. Akatoa ile mufuko yake chini ya kitanda, akamwaga maharagi mu beseni, akaanza kuosha. Sikuamini macho. "Mama, umepata wazimu? Sasa ni saa ya kupika?"  Akaweka chungu ku moto, akaketi ku kiti kidogo, akanyoosha miguu.

Ni muzee njo aliona wa kwanza. Akapiga mbao ya chukudu na mukono. "Ngojeni! Mutazame ule mama. Muntu wa kukimbia anapika maharagi?"

Binti akasimama na kamba mu mukono. Bengine bakasimama. Muntu wa kukimbia anatafuna kiazi kibichi, anakula muhogo wa jana. Maharagi makavu inaomba nusu ya siku, na kuni, na moyo wa kukaa.

"Munisogeze," muzee akasema. Bakasukuma chukudu mpaka ku beseni. Akatia mukono ndani ya maji. Maji ilikuwa nyeusi, majivu matupu. Akainua uso, sauti ikashuka.

"Mwanangu. Hizi ni mbegu."

Bibi yangu akasema: "Zilikuwa mbegu, mama."

Mi niliketi chini, pale pale mu vumbi. Kwetu maharagi ya kula haitiwe majivu. Unatia majivu ile ya kupanda, wadudu basiiguse. Na mbegu unaibeba siku moja tu: siku unajua utalima udongo wa bengine.

Mwenye kukimbia hawezi kuipika. Batu bakaanza kurudia polepole, kila muntu na mulango wake. Muzee akarudishwa ndani ya bulangeti. Paka akashuka, akalala karibu na makaa, na batu bakamucheka yeye na mi pamoja. Tulikula jua ikiwa inainama, viazi juu ya maharagi, batu kama ya harusi. Ndani ya ile makelele nikamuuliza bibi yangu kwa sauti ya chini: "Haukuamini kama tutarudia?"

"Hapana."

"Juu ya nini ulikubali kwenda?"

Akapangusa sahani. "Juu ulikuwa unaimba."

Asubui tukafunga matela, ndani mara hii, si juu. Mbegu ilibakia kidogo mu mufuko. Bibi yangu akaipeleka kwa muzee: "Mama, unichungie hii. Nitaikamata tukitoka Walikale."

Muzee akashika mufuko ku magoti. "Na musiporudia?"

"Basi mupande," bibi yangu akasema, akapanda mbele, akamuondoa mbwa ku kiti.