Maua ya Mahindi Chini ya Dirisha Langu

Siku zile niliamka kila asubuhi macho yameshikana kwa utongo, mto umelowa mate, pua imeziba mpaka nikalala kinywa wazi. Ofisini leso yangu ilikaukiwa na kamasi ikawa ngumu, na wenzangu wakawa wanasogeza viti. Sikuwalaumu. Hata mimi nilijionea kinyaa.

Goma kila kikohozi husingiziwa vumbi la volkano, nami nililisingizia. Nikamwaga maji sakafuni, nikafunga madirisha, chafya zikazidi. Mwishowe daktari mmoja akaniuliza nimezungukwa na mimea gani. Nikamtajia miti ya misipre ya jirani na mahindi ya mama. Akanieleza kwamba chavua, yaani ule unga wa maua, una protini, na kila mmea una zake. Za mmea huu, mwili unaweza kuziacha zipite; za mmea ule, ukazipiga vita kama adui. Misipre ilikuwapo miaka yote na haikunidhuru. Mahindi ndiyo yalikuwa mageni.

Mama alikuwa amekimbia vita kwao Kiwanja, na kitu pekee alichotoka nacho shambani kwake ni mbegu, amezifunga kwenye pembe ya kikwembe, kitenge alichojifunga. Alibeba udongo kwa magunia, akaumwaga juu ya mawe ya lava uani kwangu, akazipanda zote, mpaka chini ya dirisha langu. Aliniambia atakayovuna ndiyo atarudi nayo kuanza upya.

Baada ya maneno ya daktari nikaanza kuiona ile chavua kila mahali: unga wa manjano kwenye dirisha, kwenye mashati yaliyoanikwa, ukielea juu ya chai. Niliupangusa kwa kidole, nikakisugua kidole ukutani. Nilikuwa nimeulalia, nimeunywa.

Jumapili mama alipoenda misa, nikachukua panga nikakata maua yote ya juu na kuwapa mbuzi wa jirani. Mashina sikuyagusa, na nilijiona mwerevu. Mimi nimekulia mjini kwa wajomba, kwa ajili ya shule; jembe nalijua kwa macho tu.

Mama alirudi, akasimama, rozari bado mkononi.

"Ni nani alikata maua?"

"Ni mimi, Mama. Munganga alisema ndiyo iko inaniumiza."

Alipita katikati ya mahindi yake akigusa ncha zilizokatwa. "Sawa," akasema, akaingia kubadilisha nguo. Kesho yake alikuwa anapalilia kama kawaida.

Siku ya kuvuna tulikaa uani tukimenya. Hindi la kwanza lilikuwa gunzi tupu, jeupe, laini kama ufizi wa mtoto. La pili hivyo hivyo. La tatu lilikuwa na punje chache, huku moja, kule moja. Nilichukizwa kulishika.

"Mama, ni ugonjwa?"

"Hapana. Unga wa ile maua ndiyo unazalisha mbegu."

"Ulijua?"

"Nilijua tangu ile siku."

"Na hukusema!"

"Ningesema nini, mutoto wangu? Ulikuwa umeshakata."

Alizichomoa punje moja moja, akazifunga kwenye pembe ile ile ya kikwembe. Hazikujaa kiganja.

"Lakini sasa unapumua muzuri?"

"Ndiyo, Mama."

Ilikuwa kweli. Pua yangu ilikuwa safi kabisa, na nilijichukia kuliko nilivyowahi kuyachukia makamasi yangu.